Bogenvilia Uliyoikata Leo Mchana

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona kwa macho yangu jioni hii, ulivyotoka na kitenge chako kipya kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, unatabasamu peke yako njiani. Wala sitakuandikia habari za kufunga begi vizuri, kutonunua chakula dirishani treni ikisimama, na kutovua viatu usiku wasije wakaviiba. Hayo baba yako amekuimbia wiki nzima, na kesho stesheni atayarudia mpaka treni iondoke imwache anazungumza. Mimi nina neno moja tu. Nikilisema kwa mdomo nitalia au nitagomba, na unanijua, katika hayo mawili hakuna ninaloliweza kwa kiasi.

Neno lenyewe ni hili: naona wivu. Namwonea wivu shangazi yako Adela. Haya, nimelitoa. Kesho unakwenda Dar es Salaam kuishi kwake na kufanya naye kazi yake ya kupamba maofisi kwa maua, na kila mtu hapa Igogo ananipongeza. "Hongera Mama Kabula, mtoto kapata wa kumshika mkono!" Nawajibu, tumshukuru Mungu, halafu naingia jikoni napasua kuni ambazo hata sizihitaji.

Adela hana mtoto. Mimi ninaye mmoja, wewe. Ulipozaliwa mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mkunga anapaza sauti ili asikike, nikasema basi huyu ni Kabula, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mtoto wa kike aliyekuja na mvua. Adela akaja na khanga na sabuni ya mtoto, akakupakata, akakutazama weee, akasema, "Huyu ni Kokutona." Kwa Wahaya shangazi ana sauti kubwa juu ya mtoto wa kaka yake, na baba yako, Mhaya asiyependa ugomvi, akaenda akaandikisha Kokutona. Lakini sijawahi kukuita jina hilo hata mara moja, na wewe ukakua unaitika yote mawili, la kwangu nyumbani na la kwake kwake. Nilikuwa nakusikia unavyoitika. La kwake uliliitikia haraka zaidi.

Sasa leo mchana nimekuona. Ulidhani nimejilaza. Nilikuwa nyuma ya jiko nachekecha mkaa, nikaona unatoka na wembe, unatembea kwa kunyata, unatazama dirisha la chumba changu, halafu ukainama kwenye bogenvilia yangu, ile ya rangi ya embe lililoiva, ukakata. Ukakata tena. Ukaziingiza pingili zako ndani ya upande wa kitenge kama mwizi wa kuku, ukaingia nazo ndani. Nikasikia zipu ya begi. Nikabaki na chekeche mkononi, nimekauka. Nilijua unampelekea nani.

Nitakuambia nilichofanya baada ya hapo. Acha kwanza moyo ushuke, nikieleza sasa nitaharibu.

Unajua bogenvilia ile mnalingana umri? Sijawahi kukuambia nilivyoipata. Nilikuwa na mimba yako, tumbo limefika hapa, natoka kliniki kwa mguu, nikapita kwenye ua wa meneja mmoja wa kiwanda alichofanya kazi baba yako. Bogenvilia ilikuwa imemwagika nje ya ukuta. Rangi hiyo sijawahi kuiona. Misungwi kwetu tulikuwa na zile za zambarau tu, za kwenye ua wa kanisa. Nikasimama. Mlinzi akaniona nimesimama. Akanitazama, akalitazama tumbo, kisha akageuka akaanza kuangalia geti kana kwamba geti lina jambo la kumwambia. Nikavunja kitawi nikakitia kwenye pochi, nikaondoka, sikumwambia hata kwaheri.

Yule mlinzi alikuwa anajua. Mambo haya unayajua na wewe, umekulia ndani yake. Kitawi hakishukuriwi. Mwenye mti anaangalia pembeni, mwenye kuchukua anachukua, na hakuna anayefungua mdomo. Ukisema asante, kinaoza. Ndiyo maana hata wateja wangu wa barabarani nawaambia lipa, beba, nenda zako, shukrani zako mpelekee Mungu. Yule baba wa gesti mpya alinishukuru kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikamwona anavyoondoka nikajua maua yake hayafiki Jumapili. Akarudi Jumamosi kununua mengine. Baba yako anasema yalikufa kwa sababu aliyaweka chini ya kiyoyozi. Baba yako naye ana majibu ya kila kitu.

Udongo nilijifunza kwa mihogo na marando ya viazi, siyo kwa maua. Bibi yako pale Misungwi alikuwa ananipiga kofi la mgongo nikichomeka pingili ya mhogo kichwa chini. Akanifundisha kukata chini kwa mshazari na juu kwa kunyoosha, ili hata ukiitupa kwenye gunia na kuitoa kesho yake ujue wapi ni miguu na wapi ni kichwa. Mambo ya ruksa yalipokuja, biashara zikafunguliwa kwa kila mtu, kiwanda kikampunguza baba yako kazini, akakaa barazani anasikiliza redio na kukohoa, mimi nikachukua mkono uleule wa mihogo nikaupeleka kwenye maua. Watu walikuwa wanajenga nyumba za geti, maduka mapya yanafunguliwa, kila mwenye duka anataka kitu cha kijani mlangoni. Nikaokota makopo ya rangi, nikayatoboa chini, nikachanganya mchanga wa ziwani na pumba za mpunga na samadi iliyokaa, nikapanga kando ya barabara. Mizizi yako wewe ilitoka humo. Ada ya shule, sare, kile kiatu cha Komunyo ulichokililia, vyote vilitoka kwenye makopo yale.

Sasa mwone Adela. Kabla hajaacha uofisi na kuhamia Dar, alikuwa hapa mjini Mirongo, chumba na sebule ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katibu mahsusi kwenye ofisi ya serikali, kucha safi. Maua yake yalikuwa dirishani, kwenye chupa za jemu. Maji tu! Hana kopo, hana samadi, hana harufu. Anakata kitawi, anaondoa majani ya chini, anatia kipande cha mkaa ili maji yasinuke, anabadilisha maji Jumamosi, basi. Na wewe kila Jumamosi miguu ilikuwa haikai. "Mayu, naenda kwa shangazi kubadilisha maji." Ukirudi, jioni nzima ni mizizi. Mizizi imetoka mitatu. Mizizi myeupe kama tambi. Mizizi imegusa chini ya chupa. Nami nimekaa na mikono imejaa samadi mpaka kwenye kucha nasikiliza habari za mizizi ya watu.

Ulikuwa na haki ya kupenda. Nilikwenda siku moja kumpelekea ndizi zilizotoka Bukoba, nikaona mwenyewe. Jua la asubuhi linapita ndani ya zile chupa, na mizizi inaonekana yote, hadi vile vinywele vyake. Mimi nilikuwa nimeotesha maua miaka sijui mingapi sijawahi kuona mzizi ukizaliwa. Kwenye kopo unachomeka, unangoja, hujui. Nilirudi nyumbani nimekasirika kwelikweli, na sikujua nimemkasirikia nani.

Nikaanza upuuzi. Kila asubuhi, kabla hujaamka, nikawa nang'oa pingili zangu taratibu kuangalia kama zimetoa mizizi na zenyewe. Narudisha. Kesho nang'oa tena. Nilitaka siku moja nikuite, "Kabula, njoo uone," nikuonyeshe mizizi mirefu kuliko ya dirishani Mirongo. Mwezi ule kitalu kizima kilikufa. Haibiskasi, krotoni, bogenvilia, vyote. Wewe ukasema ni mchwa. Nikakuacha uamini ni mchwa, tena nikakutuma ukalete majivu tumwagie.

Nimekuwa nalifikiria hilo wiki hii, nikiona mama wenzangu wanaoandikia watoto wao barua kila kukicha, umekula nini, umelala wapi, nani alikusalimia. Mimi nitajaribu kukaa kimya. Ukiona barua zangu ni chache usije ukadhani nimekusahau, mkono utakuwa unaniwasha.

Na lile la magugu maji je? Usicheke. Najua umecheka. Ziwa lilikuwa limejaa yale magugu mpaka mitumbwi inakwama, wavuvi wanalaani, lakini ua lake, wewe mwenyewe ulisema, ni la zambarau zuri, na linaota majini bila kuombwa. Mimi akili ikaniambia: Mama Kabula, hiki ndicho cha kumshinda Adela. Nikanunua mitungi ya kioo kwa Mhindi, nikajaza magugu maji, nikaipanga mbele ya makopo yangu. Akapita mvuvi na wavu begani, akasimama, akashika kiuno. "Mama, sisi tunayang'oa mpaka viganja vinachubuka, wewe unayauza? Na nani atanunua? Mwambie aje ziwani, tumpe bure, abebe kwa lori!" Barabara nzima ikaangua kicheko. Kesho yake maua yakanyauka yote, yananuka samaki.

Kicheko cha barabara nilikimudu. Kilichonichoma ni kwamba jioni ile Adela alikuja, ukamsimulia, mkacheka nyinyi wawili mpaka mkashikana mabega, machozi yanawatoka. Mna kicheko kimoja, unajua hilo? Kinaanzia puani. Nilikaa nachambua mchele nawasikiliza. Nikasema moyoni, nimemzaa mimi kwa uchungu wangu, na kicheko akaenda kukichukua kwa huyu.

Lakini nisiwe mwongo, maana barua hii utakuwa nayo siku nyingi. Adela hakukosea kwenye yote. Lile ua la kutambaa lenye majani ya madoa ya njano, mimi lilikuwa linanifia kwenye kopo kila masika, linaoza shingo. Kwake lilizunguka dirisha zima. Nikaanza kuliotesha majini kwa siri, ndani ya kikombe, nyuma ya pipa. Na mkaa natia. Nilijua utaratibu huo kwa kusikia kwako, sikumuuliza hata siku moja.

Na unakumbuka ile kolea yako, ua la majani mekundu? Ulikuwa darasa la sita au la saba. Uliiotesha kwenye chupa ya shangazi, ukaileta nyumbani umeikumbatia njia nzima kutoka Mirongo, ukaitia kwenye kopo langu, ukaiweka juani kwenye safu na zangu. Kufika saa tisa imelala chini. Ulilia! Ukanitazama ukasema, "Kwa shangazi ilikuwa nzima." Kwa hiyo kwangu ndiko imekufa. Mwanangu, maneno yale hata leo nayasikia. Nikachukua kopo nikalisukuma chini ya meza jikoni. Nikalimwagia maji mpaka udongo ukawa uji. Nilifanya hivyo kwa hasira, nikajisemea, umezoea maji, haya, kunywa. Asubuhi ikanyanyua jani moja. Nikawa naupunguza ule uji kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka ikazoea udongo, ndipo nikaisogeza mlangoni, kisha nje. Ikapona. Mizizi ya majini ni laini, haijawahi kusukuma kitu. Ukiiingiza kwenye udongo mkavu kwa mara moja inavunjika moyo.

Wewe ulipoiona imepona ulikimbia. Nilidhani unakuja kwangu. Ulikimbilia kwa shangazi kumwambia.

Ehe. Tuje kwenye bogenvilia yenyewe.

Adela ameitamani tangu alipoiona. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu zake za ofisini, aliomba. "Wifi, naomba kitawi. Asante sana, wifi." Nikamkatia. Akaiweka majini, ikaoza. Akaja tena. "Naomba tena, wifi, samahani. Asante." Ikaoza. Nikamwambia, wifi, usishukuru, kitawi hakishukuriwi. Akacheka kile kicheko chenu. "Wifi naye! Mmea ni maji na mwanga." Nikasema sawa. Akachukua kingine, akashukuru, kikaoza.

Sijui kama ni ile asante au ni yale maji. Naapa sijui. Lakini hili nalijua: bogenvilia ina mti mgumu, haitaki kukaa ndani ya maji, inataka mchanga na kiu kidogo. Ningemwambia neno hilo moja tangu mara ya kwanza. Sikumwambia. Nilikuwa namkatia kwa tabasamu, nimemsindikiza mpaka barabarani, nikirudi najisikia vizuri siku nzima. Kilikuwa ndicho kitu pekee duniani ambacho kilikuwa kwangu na kwake hakikai.

Ndiyo maana leo mchana nilikauka na chekeche mkononi. Ulipokwenda kuoga nikaingia chumbani nikafungua begi lako. Ndiyo, nimefungua. Chini ya gauni la kanisani nikaikuta ile chupa ya plastiki ya maji ya dukani, aliyokuja nayo Adela mara ya mwisho, umeikata shingo, umeijaza maji, pingili zangu zimesimama ndani, umezifunika na karatasi ya nailoni. Maji, Kabula! Zaidi ya miaka kumi umeniona nachomeka bogenvilia mchangani kila wiki, na siku moja kabla ya kuondoka hapa kwangu unaitia majini.

Nikajisemea, acha. Acha zisafiri hivyo hivyo. Zikifika Tabora gome litakuwa linabambuka, zikifika Dar maji yananuka. Adela ataweka dirishani kwake, ataongeza mkaa wake, na zitaoza kama zile nyingine. Na mtoto wangu siku akitaka kuiona bogenvilia ya rangi ya embe, itabidi apande treni arudi nyumbani. Nilifunga zipu. Nilitoka nje nikaanza kumwagilia, nikamwagia hata makopo niliyokwisha kuyamwagia, maji yanapita chini yanakuja miguuni. Roho yangu ilikuwa nyeusi, lakini ilikuwa imetulia. Kunyamaza tu. Nani angejua?

Ulipotoka kwenda kwaya nikarudi mle chumbani. Nilikwenda kuzitupa kabisa, nakuambia kweli. Niliona hata kuoza ni mbali, na kwamba hazina haki ya kuingia kwenye nyumba ile hata zikiwa zimekufa. Nikaitoa ya kwanza, nikaishika kwenye mwanga wa mlango.

Chini ulikata kwa mshazari. Juu ulikata kwa kunyoosha. Umeacha macho matatu ya kuchipulia. Majani umeyatoa kwa kusukuma na kidole gumba kwenda juu, hukuyachana, gome halina hata mkwaruzo. Nikaitoa ya pili, vilevile. Zote. Na hukukata lile tawi jipya la kijani linalodanganya kila mtu, umekwenda kwenye lile la kahawia, unene wa penseli, upande linakopiga jua la asubuhi. Umekata kwa wembe, haraka, unaogopa nisikuone, na mkono wako haukukosea hata mahali pamoja.

Nilikaa kitandani kwako. Chupa ilikuwa ya Adela. Lakini mkono ule ni wangu, na kabla yangu ulikuwa wa bibi yako. Nilianza kulia, kisha nikacheka, kisha baba yako akachungulia mlangoni akasema, "Vipi tena?" nikamfukuza.

Basi fungua begi usiku huu kabla hujalala, usishtuke. Pingili hazimo kwenye chupa. Nimezifuta maji, nimezikausha kivulini, nimezifunga kwenye kipande cha gunia nilichokilowesha na kukikamua, na juu yake nailoni, nimeacha upenyo zipumue. Usizimwagie maji njiani, hata ukiona gunia limekauka pembeni. Ukifika, tafuta mchanga, siyo ule wa baharini, una chumvi, omba kwa mafundi wanaojenga. Zichomeke kwa kulalia upande, kichwa juu, uziweke mahali penye mwanga bila jua kali. Kisha uziache. Usiziguse. Utatamani kuzivuta uone. Mimi nimekuambia kitalu changu kiliishia wapi.

Chupa sikuitupa. Nimeiosha, na ndani yake nimeweka kitawi cha lile ua la kutambaa, na maji mapya, na kipande cha mkaa nimekitia mimi mwenyewe. Hicho ni cha dirisha la shangazi yako. Hicho kinapenda maji, na yeye anajua kukitunza kuliko mimi. Mpe. Kama akiuliza mkaa nimeujulia wapi, mwambie hujui.

Bogenvilia ikishika, nayo itakuwa kwake. Nalijua hilo. Watu watapita Dar watasema, ua zuri la nani hilo, atasema langu. Nawe hutakuwa na sababu ya kupanda treni kuja kuiona. Nikilifikiria hilo, mwanangu, wivu unanipanda upya, hapa hapa kwenye baraza, na kalamu naibana mpaka kidole kinauma. Haujaisha. Usije ukamwambia mtu kwamba Mama alimaliza wivu siku moja jioni. Nimeamua tu kwamba zisioze.

Ila sikukupa. Shika hilo vizuri. Sikukupa, uliiba, na mimi sikuona chochote, nilikuwa nyuma ya jiko nachekecha mkaa. Adela akitaka kuniandikia barua yake ya adabu kunishukuru, mnyang'anye kalamu. Safari hii nataka tujue kama ni asante au ni maji.

Kesho stesheni baba yako atakushika mkono hatauachia, atakuambia habari za viatu. Mvumilie. Mimi nitakuwa nimesimama kando yake, na wewe ukianza kupanda ngazi ya behewa utaniona nimegeuza uso, naangalia upande wa pili, kule wanakopakia mizigo. Usidhani nimekasirika. Usiniite nigeuke. Yule mlinzi wa meneja alifanya hivyo hivyo.

Panda tu, mwanangu, uende. Na usiniambie asante.

Mayu wako